Taichi na Wazee Wetu

Waumini kadhaa wametuuliza inakuwaje sisi, tuliohitimu chuo cha dini, tuwafundishe wazee taichi, mchezo wa Wachina wa mwendo wa polepole na pumzi tulivu. Swali ni la haki. Sisi wenyewe, tulipoanza kujifunza, tulisita kwenye jambo moja: kumwinamia mwalimu. Kilichotutuliza ni kujua kuwa Xinyi Liuhe, mchezo ulio ndugu wa taichi na ambao jina lake limebeba neno "nia", ulihifadhiwa kwa vizazi na Waislamu wa Kihui wa jimbo la Henan, wala haukuwatoa katika sala. Basi darasani mwetu hatuinamiani. Tunaamkiana kwa salamu. Mzee mmoja aliyekuwa akisali kitini sasa husimama rakaa mbili za mwanzo. Mkewe anauliza siku ya akina mama itapangwa lini.