Ramani ya kichwa cha mjomba

Nimekuwa kimya kidogo, wadau. Nilikuwa Iringa kumsalimia mjomba. Tulipanda naye taratibu hadi juu ya jiwe la Gangilonga, akakaa, akavua kofia apate upepo, nami nikaliona lile kovu lake la kisogoni. Basi leo naandika juu ya kovu hilo.

Miaka kadhaa iliyopita mjomba alianza kuumwa kichwa na kupepesuka kama mlevi, na pombe hanywi. Picha zikaonyesha uvimbe kisogoni. Tukapanda basi la alfajiri kwenda Mbeya kuonana na daktari, mimi nimepakata bahasha ya picha kama mtoto mchanga. Mafinga, Makambako, Igawa, Uyole, njia nzima hatuongei.

Daktari alikuwa kijana. "Shikamoo mzee," alimwambia mjomba, kisha akapachika picha kwenye kisanduku cha mwanga. Mjomba akatazama, akauliza swali ambalo mimi mwandishi wa habari sikulifikiria: "Mwanangu, hapo nimepaona. Sasa hapa kichwani kwangu ni wapi?" Daktari akatabasamu, akamshika kichwa, akapima kwa vidole kutoka sikioni hadi kwenye kinundu cha kisogo. "Hapa, mzee."

Mjomba alipasuliwa, akapona. Ila swali lake sikulisahau, na baadaye niligundua kwamba ndilo linalowaumiza vichwa watu wanaotengeneza mashine za kumwongoza daktari wa upasuaji. Mashine hizo zina picha za CT au MRI kwenye kompyuta, na zina kamera inayoona kifaa cha daktari kiko wapi. Lakini kompyuta haijui picha ile inakaaje juu ya kichwa cha mgonjwa aliyelala mezani. Ni kama umeshuka Mbeya kwa mara ya kwanza ukiwa na ramani mkononi, hujui kaskazini ni wapi. Ukiuona mlima Loleza, unaigeuza ramani mpaka vikubaliane.

Kwenye kichwa, Loleza ni pua, nyusi na paji la uso. Daktari hupitisha mwali wa leza au kifaa chenye ncha juu ya ngozi, kompyuta inakusanya nukta nyingi, kisha inaisogeza picha kidogo kidogo mpaka ilale juu ya nukta hizo. Njia maarufu ya kuifanya hesabu hiyo ilichapishwa na Paul Besl na Neil McKay mwaka 1992. Uso unapendwa kwa sababu una milima na mabonde. Kisogo ni kama kibuyu, ukikizungusha kidogo bado kinafanana.

Tatizo liko hapo. Uso uko mbele, uvimbe wa mjomba ulikuwa nyuma. Picha ikipinda nyuzi 1 tu, sentimita 18 kutoka hapo kosa linafika kama milimita 3. Fanya hesabu hiyohiyo kwa safari yetu: kutoka Iringa hadi Mbeya kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 250, na nyuzi 1 itakupoteza zaidi ya kilomita 4. Tena mgonjwa wa kisogo mara nyingi hulazwa kifudifudi, ngozi ya uso ikasogea, isiwe kama ilivyokuwa siku ya kupigwa picha.

Hapa naomba niungame. Kwenye maonyesho fulani niliambiwa kuwa mashine ya namna hii hukosea chini ya milimita 2. Nikaandika hivyohivyo. Sikuuliza hizo milimita zilipimwa wapi. Namba inayotokea kwenye skrini huonyesha jinsi picha ilivyokaa juu ya nukta zilizoguswa, haisemi lolote juu ya kule kisu kinakokwenda. Mwaka 2009 Michael Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba hata kwa alama za kubandika, kosa linaloonekana kwenye alama halikuambii ukubwa wa kosa la mahali panapolengwa.

Dawa yake nyingi si za bei kubwa. Picha zipigwe kwa vipande vyembamba na zichukue uso wote na masikio. Nukta zichukuliwe pale ngozi ilipokaza juu ya mfupa, siyo mashavuni, na zisiishie usoni, zizunguke kichwa. Kwa uvimbe wa nyuma, alama zibandikwe kisogoni kabla ya kupiga picha. Mwisho, kabla ya kufunika mgonjwa, daktari aguse kwa ncha ya kifaa mahali anapopajua, sikioni au kwenye kinundu cha kisogo, aone kama skrini inakubali. Yaani arudie kile alichofanya yule kijana wa Mbeya kwa vidole.

Sisi waandishi tumezoea: mgeni rasmi anakata utepe, tunapiga picha, tunaondoka na bei ya mashine kwenye daftari. Siku nyingine nikiitwa kwenye shughuli kama hiyo nitauliza kama mjomba: hapo nimepaona, sasa kichwani kwa mgonjwa ni wapi, na nani amehakiki?

Jua lilipoanza kuzama mjomba akavaa kofia yake. "Tushuke, mjomba, baridi hii si ya Dar." Alishuka mbele yangu, hata hakupepesuka.

Kwa leo naishia hapa.