Huyu Aliyesimama Nyuma ni Nani?

Kwetu Embu, na hata upande wa baba kule Meru, picha za mtu hutafutwa kwa bidii siku anapofariki. Kamati ya mazishi ikishamaliza habari za bajeti na jeneza, linafika swali la kijitabu cha ibada. Mchapaji mjini anataka picha usiku huohuo, ziwe safi, na moja iwe kubwa ya kuweka kwenye jalada. Hapo simu zinaanza kulia kutoka Runyenjes hadi Nkubu. Mmoja anatuma picha iliyokatwa kwenye harusi ya watu wengine, mkono wa mtu asiyejulikana ukiwa bado begani mwa marehemu. Mwingine anatuma ile ya kitambulisho. Mzee aliyefundisha watoto wa kata nzima anaagwa kwa picha mbili zenye ukungu, na moja kati ya hizo ni ya kitambulisho.

Tulipomzika nyanya mzaa mama, picha zake nzuri zilikuwepo. Zilikuwa ndani ya kompyuta ya nyumbani, kwenye mafolda yenye majina kama "Picha mpya" na "Za simu ya zamani", mamia kwa mamia. Kijitabu kilichapishwa bila hizo. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, nami tangu hapo nimekuwa nikikaa jioni nyingi mbele ya kompyuta hiyo nikitia picha lebo, au kutagi kama vijana wanavyosema: jina la kila mtu, mahali, tukio, na wakati kadiri unavyojulikana.

Kazi yenyewe si ngumu. Natumia digiKam, programu ya bure inayokubali lebo za matawi: chini ya "Embu" unaweka Kianjokoma, Manyatta na Siakago, chini ya "Ukoo" unaweka nyumba moja moja. Ukitafuta jina pamoja na mahali, zinakuja zile tu zenye vyote viwili. Kinacholemea ni kujua cha kuandika. Kamera ya kidijitali hujaza saa na tarehe ndani ya faili, na simu huweza kuongeza hata mahali. Lakini picha ya karatasi ikishaskaniwa, tarehe inayoandikwa ni ya siku ya kuskani, kwa hiyo shangazi aliyepigwa picha akiwa msichana mwenye gauni fupi na viatu vya soli nene anaonekana kana kwamba alipigwa mwaka juzi. Zinazopita WhatsApp ndizo mbaya zaidi. Programu hiyo hubana picha, hufuta habari zilizofichwa ndani yake, na kwenye simu za Android huipa faili jina jipya lenye tarehe ya kutumwa au kupokelewa. Ukitaka picha ifike nzima, mwambie ndugu yako aitume kama faili, yaani dokumenti. Nimelisema hili kwenye kila kikundi cha familia na nitaendelea kulisema.

Basi mashine inajua faili iliingia lini. Waliomo ndani ya picha, watu ndio wanaowajua, na watu hao wanazeeka.

Majina yetu nayo hayarahisishi mambo. Embu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Jina kama Nyaga au Wawira hurudi kila baada ya kizazi. Nikitafuta Nyaga kwenye kompyuta, babu anatokea amevaa koti la mvua, mjukuu anatokea na sare ya chekechea, na binamu watatu wako katikati. Mwanzoni nilifikiri niongeze tarakimu. Kisha nikaona kwamba mpangilio huu hasa ndio waliokusudia wazee: aliyeondoka arudi na aitwe tena nyumbani. Nikaacha jina litafutike kwa pamoja, na kila mmoja nikampa lebo ya pili inayosema ni mtoto wa nani. Sasa nikitaka mmoja nampata, na nikitaka wote nawaona wakiwa mstari mmoja, paji la uso lilelile.

Upande wa Meru nilisaidiwa na nthuki, yaani rika. Baba mkubwa ukimuuliza picha ni ya mwaka gani, atakunja uso. Ukimuuliza walikuwa nthuki gani, anajibu papo hapo. Ratanya, Lubetaa, Miriti, Gichunge: majina ya marika ya Wameru huzunguka na kurudi, na kila mwanamume aliyetahiriwa anajua alipo kwenye mzunguko huo na nani alimtangulia. Kwa njia hiyo baba mkubwa aliweza kusema picha fulani haiwezi kuwa ya kabla ya uhuru, kwa kuwa kijana aliyevaa kofia, ambaye pichani tayari ana rika lake, hakuwa ametahiriwa bado wakati huo. Nimetia lebo za marika kando ya zile za miaka, na mara nyingi za marika ndizo ninazoziamini zaidi.

Kwa wanawake hali ni nyingine, nami nasema haya kwa uchungu. Nyuma ya picha za karatasi mume ameandikwa jina lake, mke ni "mama" wa fulani. Hata serikali ilichelewa: vitambulisho vya taifa vilikuwa vya wanaume peke yao mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, ndiyo maana picha ya kwanza ya nyanya iliyopo nyumbani, ile ya kitambulisho, ilipigwa akiwa tayari na wajukuu. Katika picha moja ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, kuna mwanamke mrefu amesimama nyuma kabisa, kikapu mkononi. Niliowauliza wote walimtaja kwa jina la mumewe, na mmoja akanishauri nimwache tu kwa sababu "huyo aliondoka". Shangazi mmoja anayekaa upande wa Mbeere ndiye aliyenipa jina lake la kuzaliwa, na jina la baba yake, na kijiji alikotoka. Alilitamka pole pole ili niandike sawasawa. Nililiandika la kwanza, juu ya lebo nyingine zote za picha ile. Kuondoka kwake hakukufuta siku aliyobeba kikapu kwa ajili yetu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo naliona zito kama hayo. Watu wengi walitia majina kwa miaka kwenye Picasa ya Google, na mwaka 2016 kampuni hiyo ikaacha kuiendeleza. Majina ya nyuso yaliyokuwa yamehifadhiwa upande wa programu tu hayakuifuata picha ilipohamia kompyuta nyingine. Kwa hiyo kwenye digiKam nimechagua lebo ziandikwe ndani ya faili yenyewe, ili programu nyingine nazo ziweze kuzisoma. Nakala moja iko kwenye diski Embu, nyingine kwa ndugu yangu Meru. Jina linapaswa kusafiri na uso wake.

Zimebaki picha ambazo bado sina la kuandika. Hizo nimezipa lebo "Kuuliza", na chini yake jina la mtu ninayedhani anajua. Nikibonyeza hapo naona orodha ya wazee wa kutembelewa, na orodha hiyo imebadilisha safari zangu za nyumbani: zamani nilikuwa naenda kuamkua na kunywa chai, sasa naenda na swali, na wazee hukaa nami mpaka jioni. Kuna picha ya wanaume wanne mbele ya lori karibu na Chogoria, wamekunja mikono ya mashati. Mmoja ni babu. Mjomba anayekaa Maua alikuwa utingo wa malori kama hilo. Macho yake hayawezi tena picha ya kwenye simu, kwa hiyo Jumamosi nabeba kompyuta.