Wanawake wa Vanuatu na sanduku letu

Jumamosi ya mkutano wetu uliopita nilirudi nyumbani na hasira. Wengi mlikuwepo, mliniona nikifunga daftari langu hata kabla ya kusoma hesabu. Nilikuwa nimeomba kwenye sanduku pesa ya usafiri wa wasichana kumi na wawili wa darasa la tano na la sita, waende kucheza mpira wa mikono na masomo mengine upande wa Kadutu, pamoja na mikate na maji. Hamkunikataa kwa ubaya. Mama mmoja alisema tu: "Mama mwalimu, sanduku hili ni la magonjwa na matanga. Mpira hauziki mtu." Watu walicheka. Hata mimi nilitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

Jioni bwana yangu aliniona nikiosha sahani kwa nguvu kuliko kawaida. Yeye hufuata michezo yote, hata ile ambayo hapa Bukavu hakuna anayeicheza. Akaniambia: "Njoo nikusomee jambo la wanawake wenzako." Akafungua telefone. Ilikuwa habari ya kriketi, ya wanawake wa Vanuatu.

Vanuatu mimi naijua kwa sababu ya jiografia tu. Ni visiwa zaidi ya themanini katika bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu kama 300,000. Mji wetu peke yake unawapita. Walitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja, mpaka wakapata uhuru tarehe 30 mwezi wa saba 1980, ndiyo sababu mpaka leo kuna watoto wanaosoma kwa Kifaransa na wengine kwa Kiingereza, na nyumbani kila kisiwa kina lugha zake. (Walimu wenzangu, fikirini kufundisha huko! Sisi tunalalamika kwa lugha nne.) Wana volkeno zinazowaka kama Nyiragongo, wana matetemeko, na juu ya hayo wana vimbunga. Mwezi wa tatu 2023 vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliwapiga ndani ya wiki moja.

Kriketi yenyewe, kwa wasioijua: timu ina watu kumi na mmoja. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu bila kukunjua kiwiko, mwingine anasimama na ubao mkononi kulinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Akiupiga mpira mbali, anakimbia na mwenzake kubadilishana nafasi, na kila kubadilishana ni alama moja. Mpira ukiangusha vijiti, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji anatoka. Katika mchezo mfupi kila timu inapata mipira 120 ya kupiga, halafu wanageuzana. Hayo yanatosha, mengine hata bwana yangu anababaisha.

Basi mwaka ule ule wa vimbunga viwili, mwezi wa tisa, wanawake hao walicheza mashindano ya eneo lao kwao wenyewe, kule Port Vila, na wakawa wa kwanza. Wakapata nafasi ya kwenda Abu Dhabi kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Hawakuwa wamewahi kufika hatua hiyo. Na pesa ya kutosha haikuwepo. Chama chao cha kriketi kikaomba mchango kwa watu wa kila mahali, mwenye kidogo atoe kidogo, kusaidia matayarisho na safari.

Hapo nilimwambia bwana yangu asimame kidogo, nikaketi.

Wakaenda. Tarehe 25 mwezi wa nne mwaka 2024, mechi yao ya kwanza ilikuwa na Zimbabwe, nchi yenye jina katika kriketi. Zimbabwe wote walitolewa kwa alama 61 tu. Mchezaji mmoja wa Vanuatu, Nasimana Navaika, peke yake alitoa wapigaji wanne. Vanuatu, chini ya nahodha wao Selina Solman, wakazifikia alama hizo na kupita, wapigaji wanne tu wakiwa wametoka. Niliona video ya namna walivyokimbia uwanjani. Sijui Kibislama, lakini kelele ile ninaijua, ni ya wanawake waliorudi na gunia ambalo kila mtu alisema hawataliweza.

Tiketi ya Kombe la Dunia hawakuipata. Timu nyingine ziliwazidi.

Nilikaa na habari ile siku mbili. Mwanzoni nilitaka kuileta kwenu kama fimbo: mnaona, wenzenu wanachangia mpira! Lakini nilipofikiri vizuri, fimbo ilinigeukia. Kule pia kuna wagonjwa, kuna nyumba zilizopeperushwa mabati. Hawakuchukua pesa ya mgonjwa wakanunulie tiketi ya ndege. Waliomba pembeni, kwa wenye nafasi. Mama wa matanga alikuwa na haki juu ya sanduku. Tulipoanza, tuliandika ukurasa wa kwanza kazi ya pesa hiyo, na mimi ndiye niliyeandika, kwa mkono wangu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilipokuwa ISP nilicheza mpira wa mikono miaka mitatu, nilikuwa golikipa, na sikuwa mbaya. Niliacha nilipozaa mtoto wa kwanza. Mama mkwe wangu hakunikataza, mtu asimsingizie. Aliuliza tu: "Na mtoto atabaki na nani?" Swali hilo moja lilitosha. Viatu vyangu vya michezo nilimpa mdogo wangu.

Sasa, katika darasa langu la sita kuna msichana mwenye mkono wa ajabu. Akirusha, golikipa anafunga macho. Lakini siku ya mazoezi, Jumatano, alikuwa anakosa mara kwa mara. Mama yake anauza sambaza sokoni mpaka jua linapoelekea kuzama, na yeye ndiye anayebaki na mdogo wake wa miaka miwili. Mwezi wa tatu nilimwita, nikamwambia: "Binti, kazi ya nyumbani kwanza. Nitaweka mwingine." Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," akainamisha kichwa. Nikafuta jina lake kwa kalamu nyekundu, nikajiona mwalimu mwenye busara.

Ndiyo kusema niliwakasirikia ninyi kwa kutonunua tiketi, na mimi nilikuwa nimekwisha kumshusha mtoto kwenye gari.

Jumatatu nilishuka sokoni. Nilinunua sambaza za kiasi kwanza, kwa sababu mtu haendi kwenye meza ya muuzaji kumjaza maneno bila kununua. Mama yule alidhani binti yake amefanya kosa. Nilipomweleza, alinyamaza, akafukuza nzi, kisha akasema: "Mwalimu, mimi sikumkataza kucheza. Mimi sina mtu wa kumshika mdogo." Ni swali lile lile la mama mkwe wangu, miaka kumi imepita. Nikamwambia Jumatano aje na mtoto uwanjani, atakaa na mimi.

Alikuja naye mgongoni, kitenge kimefungwa vibaya. Nilitandika mkeka chini ya mparachichi, nikampa yule mdogo kifuniko cha sufuria na kijiko. Alipiga kelele saa nzima. Nilishindwa kupuliza filimbi vizuri, na mazoezi hayakuwa mazuri hata kidogo, sitawadanganya. Lakini dada yake alifunga magoli matano. Na wasichana wengine wawili wakaniuliza kwa sauti ndogo kama Jumatano ijayo na wao wanaweza kuja na wadogo zao. Nilidhani hao hawapendi mpira. Kumbe.

Kwa hiyo ombi langu la franka nimeliondoa, lisiandikwe tena kwenye ajenda. Kadutu tutaenda kwa miguu, tutaondoka mapema kabla ya jua kali. Mikate, walimu wawili wamekubali kuichangia nami. Kinachobaki ni watoto watatu wadogo, wa miaka miwili mpaka minne, ambao siwezi kuwaangalia nikiwa pia ninaongoza timu. Mechi ni Jumamosi ya wiki ijayo, kuanzia saa tatu mpaka saa sita hivi. Natafuta mama mmoja, au wawili wakipatikana, wa kukaa nao kwenye mkeka pembeni ya uwanja. Mkeka ninao. Mwenye nafasi anipate masomoni wakati wa mapumziko, au amwambie mama yule wa sambaza, meza ya tatu ukiingia sokoni.