Kuanguka Pasipo Kufika Chini

Watoto huuliza swali ambalo wakubwa wamekwisha kuchoka kuliuliza: ikiwa kila kitu kirushwacho juu hurudi chini, mbona mwezi haurudi? Jiwe hurudi. Embe hudondoka. Hata mshale wa mwindaji hodari hurudi. Mwezi uko juu tangu siku za babu zetu, wala haukutundikwa kwa kamba. Jibu ni hili: mwezi unaanguka. Unaanguka usiku na mchana, ila haufiki chini. Msishangae, twende polepole.

Sisi tunaoandika ni walimu wawili wa shule ya sekondari. Jibu hilo tumelifundisha kwa chaki miaka mingi. Wanafunzi huliandika katika madaftari, hulijibu vema katika mtihani, kisha wakitoka nje huendelea kuamini kwamba vyombo vya angani hukaa juu kwa sababu vimefika mahali pasipo mvuto wa dunia. Kilichowageuza wa kwetu si chaki. Ni mchezo wa kompyuta.

Mchezo huo huitwa Kerbal Space Program. Ulitengenezwa Mexico City na kampuni iitwayo Squad, na aliyeuanzisha ni Felipe Falanghe. Watu waliupata mara ya kwanza mwaka 2011, ukakamilika mwaka 2015. Ndani yake mna sayari ndogo, Kerbin, na watu wafupi wa rangi ya kijani wenye macho makubwa. Mchezaji hupewa matangi, mitambo ya moto, viti na miavuli. Huunga roketi apendavyo, kisha huirusha. Hakuna risasi wala adui, isipokuwa uzito. Wazazi hulalamika kwamba michezo ya kompyuta inakula saa za vijana, na mara nyingi wana haki. Huu nao unazila, hatufichi. Lakini huu unadai kitu: asiyetaka kufahamu njia za angani hafiki popote.

Kila anayeanza hufanya jambo moja. Huelekeza roketi juu moja kwa moja, akawasha moto wote. Hewa ya Kerbin inakwisha kilomita 70 kutoka chini. Roketi hupita hapo, mbingu hugeuka nyeusi, nyota huonekana mchana, vijana hupiga makofi. Kisha mafuta hukauka. Roketi hupanda bado kidogo, husimama, halafu hurudi chini kama jiwe. “Mwalimu, lakini tulikuwa tumefika!” Ndiyo, walifika. Kufika ni neno moja, kukaa ni neno lingine.

Isaac Newton, Mwingereza, alilieleza jambo hilo kwa mfano mzuri katika kitabu kilichochapwa mwaka 1728, baada ya kufa kwake. Fikirini mlima mrefu kupita milima yote, na juu yake mzinga uliolazwa sawasawa na ardhi. Ukipigwa kwa nguvu ndogo, tufe la chuma linaangukia karibu. Ukiongeza nguvu, linaangukia mbali zaidi. Ongeza tena na tena: mwisho tufe linaanguka, lakini dunia, kwa kuwa ni mviringo, inajipinda chini yake, na tufe linairudia nyuma ya mzinga lilikotoka.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitu kikiachiwa, katika sekunde ya kwanza hushuka mita 5. Na ukienda kilomita 8 kwa mstari ulionyoka, uso wa dunia umekwisha kuinama chini yako mita 5 vilevile. Basi kitu kiendacho kilomita 8 kwa sekunde, pasipo hewa ya kukizuia, kinashuka mita 5, na ardhi nayo imeshuka mita 5. Hakikaribii ardhi hata kidogo. Kituo cha kimataifa cha angani huzunguka hivyo, kilomita 400 hivi juu yetu, kila dakika 90 au zaidi kidogo. Mvuto wa dunia pale bado ni karibu sehemu tisa kwa kumi za ule wa hapa. Watu wanaelea ndani yake kwa sababu wao na nyumba yao wanaanguka pamoja.

Sisi Wakongo tunayo kumbukumbu yetu ya roketi. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi tatu kutoka uwanda ulio juu ya bonde la mto Luvua, katika Katanga, ambayo siku zile iliitwa Shaba. Zilikuwa za majaribio. Ya tatu ilishindwa mbele ya macho ya Rais Mobutu, na mwaka 1979 kampuni ikaambiwa iondoke. Wazee wengine husimulia kana kwamba kulikuwa na vyombo vilivyoachwa vikizunguka mbinguni. La. Hakuna hata moja kati ya zile tatu iliyopata mwendo wa kuzunguka. Zilikwenda juu, zikarudi.

Kwa hiyo roketi hupanda wima kwa muda mfupi tu, ili itoke katika hewa nzito, kisha huinamishwa pole pole mpaka ilale. Huinamishwa upande wa mashariki, kwa maana dunia yenyewe inazunguka kuelekea huko, na kwenye ikweta inakupa bure mita 465 kwa sekunde. Ndiyo sababu Waitalia walisimamisha jukwaa lao baharini, karibu na Malindi katika Kenya. Hapo ndipo chombo cha kupima miale ya nyota kiliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Vijana wetu walipofahamu kuinamisha roketi, walifika katika mzunguko kwa juma moja. Kerbin ni rahisi kuliko dunia: kilomita 600 tu kutoka kitovu hadi uso, na mwendo wa kuizunguka ni mita 2,200 hivi kwa sekunde. (Mvuto wake umefanywa sawa na wetu, jambo lisilowezekana, maana ingebidi sayari nzima iwe nzito karibu mara tatu kupita dhahabu. Tumewasamehe watengenezaji.)

Sasa habari ya Bob.

Kijana mmoja wa darasa la tatu alimpeleka Bob, mmoja wa wale watu wa kijani, mpaka mzunguko wa kilomita 120. Kazi nzuri sana, ila tangi likakauka hukohuko. Ili arudi nyumbani Bob alihitaji kupunguza mwendo wake kwa mita 75 kwa sekunde, ncha moja ya njia yake ishuke katika hewa, na hewa imalizie kazi. Mita 75 katika mita 2,215! Hakuwa nazo. Na mahali pasipo hewa hakuna kitu cha kumzuia. Angezunguka kila dakika 34, mwaka hata mwaka.

Mchezo una kitufe cha kufuta safari. Ukikibonyeza, chombo kinatoweka, na mtu aliyemo huandikwa miongoni mwa waliopotea. Mwenzake akamwambia, “Futa, tuanze upya. Ni picha tu.” Yule kijana akajibu, “Mimi ndiye niliyempeleka,” akaifunga kompyuta ili mwingine asikibonyeze.

Basi tukaandaa chombo cha kumfuata, chenye viti viwili, kimoja kitupu. Betri ya kompyuta yetu hudumu saa mbili, na umeme wa mtaani huja upendapo. Kwa hiyo kila hatua ilichorwa kwanza ubaoni. Hatukuwahi kuona darasa likigombania chaki namna ile.

Akili ya kila siku husema: Bob yuko mbele yetu, basi tuelekeze pua kwake, tuwashe moto, tutamfikia kama baiskeli inavyoifikia baiskeli. Juu kule haiwi hivyo. Ukiongeza mwendo, njia yako inatanuka na kupanda, na njia ya juu ni ndefu tena ya polepole, unazidi kuachwa. Johannes Kepler, Mjerumani, alitoa kanuni yake mwaka 1619: kadiri kitu kilivyo mbali na kile kinachokizunguka, ndivyo kinavyokawia kurudi mahali pake, na kukawia huko kunazidi urefu wa njia.

Msidhani ni wanafunzi tu wanaotatizwa. Mwezi wa Juni 1965 Mmarekani James McDivitt, katika chombo Gemini 4, alitaka kukaribia kipande cha roketi kilichowapandisha. Kilikuwa mbele ya macho yake. Alikielekea, akawasha, nacho kikazidi kwenda mbali, mpaka mafuta yakapungua mno na ikabidi kuacha. Huyo alikuwa rubani hodari wa ndege za vita. Tarehe 15 Desemba mwaka uleule Gemini 6A iliifuata Gemini 7 kwa kupitia njia ya chini, vikakaribiana kiasi cha sentimita 30. Buzz Aldrin, aliyetembea mwezini mwaka 1969, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1963 juu ya shida hiyohiyo ya chombo kukifuata kingine.

Nasi tukapita chini. Chombo chetu kiliwekwa kilomita 80, ambako mzunguko mmoja ni dakika 31 na mwendo ni mita 2,279. Bob alikuwa mbele yetu kwa robo ya duara. Kila tulipomaliza mzunguko, tulikuwa tumempunguzia karibu dakika tatu. Vijana hawakugusa kitu, walihesabu tu. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kwao kuliko hesabu yenyewe. Mizunguko karibu mitatu ikapita. Bob alipobaki mbele yetu kwa digrii 7 na nusu, kijana akawasha moto: mita 32 kwa sekunde, si zaidi.

Njia yetu ikanyanyuka upande wa pili mpaka ikagusa njia ya Bob. Dakika 16 za kupanda, na katika kupanda chombo kinapoteza mwendo, kama baiskeli inavyochoka mlimani. Tulipofika juu tulikuwa polepole kuliko Bob kwa mita 32. Kijana akawasha tena, mita 32 nyingine, na vyombo viwili vikasimama ubavu kwa ubavu kana kwamba havitembei.

Hapo msichana mmoja aliyekuwa akiandika namba ubaoni akasimama, akazitazama. “Mwalimu, tumeongeza mwendo mara mbili. Mbona sasa tuko 2,215, na mwanzo tulikuwa 2,279?” Darasa likanyamaza. Hatukumjibu. Akachora vizunguko viwili, akapiga mstari kati yake, akaangalia, halafu akasema pole pole: “Tumelipia mlima.” Katika miaka yetu yote ya chaki hatukusikia jibu bora.

Betri ilikuwa imebaki dakika kumi na mbili. Bob akatoka katika chombo chake, akavuka utupu kwa mtambo mdogo wa mgongoni, akashika ngazi, akaingia katika kiti kitupu. Chombo kikageuzwa nyuma mbele, moto ukawashwa kinyume cha mwendo, na zile mita 75 zikatolewa. Hewa ikaanza kuwaka mekundu kuzunguka chumba chao. Mwavuli ukafunguka. Wakatua majini.

Yule kijana hakupiga makofi. Alihifadhi mchezo, akazima kompyuta, akauliza kama Jumamosi ijayo umeme utakuwapo. Anataka kwenda Mun, mwezi wa Kerbin. Kutoka kilomita 80 ni kuongeza mita 860 hivi kwa sekunde, na kujua saa ya kuwasha, kwa kuwa Mun nao hausimami kumngoja mtu. Tumemwambia alete kwanza mchoro, na hesabu ya mafuta ya kurudi. Ameuleta. Ameandika mafuta ya kurudi juu kabisa ya karatasi, akayapigia mstari mara mbili.