Swali la mpwa wangu: ridhaa au kulipwa?

Niko huku Buffalo. Najua nimekuwa kimya, theluji na maboksi vimenibana. Juzi mpwa wangu kaniandikia: "Shikamoo mjomba. Kuna timu ya mpira hapa mkoani inanitaka, watanipa nauli na posho. Nikikubali, nitakosa skolashipu ya huko?" Jibu naliweka hapa, maana najua dada atalisoma kabla yake.

Huku watu wana wazimu wa magongo ya barafuni kama sisi na Simba na Yanga. Ukivuka mto Niagara uko Kanada, na kule kuna ligi 3 za vijana wa miaka 16 hadi 20, zote chini ya CHL. Walikuwa wakipewa posho isiyozidi dola 600 kwa mwezi. Lakini kwa kuwa baadhi yao wameshasaini mikataba na timu za NHL, NCAA, yaani wakubwa wa michezo ya vyuo Marekani, walihesabu timu zote kuwa za kulipwa. Ukicheza kule, uwe Mkanada, Mfini au Mmarekani, vyuo vya daraja la kwanza usahau.

Mzee mmoja tunayefanya naye zamu ya usiku, mwanawe alivuka mto akiwa na miaka 17. Posho yenyewe, anasema mzee, ilikuwa ya kununulia pizza. Alipofika 20 umri wa ligi ukaisha, NHL haikumtaka, na vyuo vya huku havikuweza kumchukua. Sasa anabeba maboksi pamoja nasi.

Agosti 2024 kijana wa Ontario alifungua kesi mahakama ya shirikisho hapa hapa Buffalo. Yeye alikuwa amecheza mechi 2 tu za kirafiki akiwa na miaka 16! Novemba 7, 2024 NCAA wakapiga kura kulegeza, kuanzia Agosti 1, 2025. Gavin McKenna, nyota wa CHL, akaenda Penn State. Yule mzee aliisoma habari ile kwenye simu, akaizima, akaendelea kufunga mzigo. Sikumsemesha.

Sasa mpwa wangu, sikiliza. Waliokuwa wamebanwa hivyo ni magongo na kuteleza kwenye theluji, mpira wa miguu ulikuwa na nafuu tangu mwanzo. Kucheza na wanaolipwa kabla ya chuo si kosa, ila wewe usipokee zaidi ya gharama za lazima: nauli, chakula, malazi. Pesa ya kusaini ndiyo mtego. Kiulize chuo KABLA hujasaini, siyo baada.

Na ukifika usione wenzako wanalipwa ukatamani. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini wewe utakuwa na viza ya F-1, ambayo kazi yake ina mipaka mikali. Mmarekani atapokea hundi, wewe utauliza mwanasheria kwanza.

Dada, risiti zake za nauli usizitupe. Nitapiga Jumapili.