Mkulima Analipwa Lini?

Duka la vifaa vya bustani lililo jirani nami hapa Manchester huuza chupa ya dawa ya wadudu iliyochorwa jani la kijani na kuandikwa sifa zake: imetokana na mmea, huvunjika upesi, haikai kwenye udongo. Bei yake inakaribia mara mbili ya dawa za rafu ya chini, na wanaoinunua huinunua kwa moyo mweupe. Ndani ya chupa ni pareto. Sisi tuliolelewa upande wa Molo, Kenya, hatuhitaji kusomewa maandishi hayo. Ua hilo jeupe lenye kiini cha njano lilitanda Mau Narok, Elburgon na Kinangop enzi za wazazi wetu, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya pareto iliyotumika duniani ilitoka Kenya na kusindikwa Nakuru mjini.

Wenzangu kazini huniuliza mara kwa mara, kwa kuwa mimi ni Mkenya, kama ni vyema kununua waridi la Kenya, au maharagwe mabichi ya Kenya, au ni dhambi kwa sababu yamepanda ndege. Wanataka jibu la ndiyo au la. Mimi huwarudisha kwenye pareto kwanza, ingawa hawakuiulizia.

Pareto ililetwa na walowezi mwishoni mwa miaka ya 1920. Inapenda baridi, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kenya iliipiku Japani iliyokuwa ikitawala soko hilo. Huchumwa kwa mkono, ua moja moja, kila baada ya wiki mbili hivi, na wachumaji wengi ni wanawake. Maua huanikwa yakakauka, kisha mkulima hulipwa kulingana na wingi wa sumu iliyomo. Sumu yenyewe huvunjwa na mwanga wa jua, ndiyo maana wakulima wa kilimo hai wanaipenda. (Si malaika: nyuki na samaki hukiona cha mtema kuni kama wadudu wanaolengwa.) Ukitafuta bidhaa ya kijani, iliyozalishwa na wakulima wadogo, isiyohitaji shamba la ekari elfu, huwezi kupata iliyo bora kuliko hiyo.

Na bado ilikufa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 malipo ya Bodi ya Pareto kwa wakulima yalianza kuchelewa, miezi ikawa miaka. Kemikali za kuigiza pareto nazo zilichangia, sikatai, lakini mkulima hang'oi mmea kwa sababu ya habari za soko la New York. Anaung'oa kwa sababu karo ya muhula huu haijalipwa na risiti za maua ya muhula uliopita bado ziko kabatini. Watu wakapanda viazi na mahindi. Wanunuzi wa nje wakahamia Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine. Kwa hiyo Mwingereza anayenyunyizia maua yake leo huenda ananunua jasho la mashine ya Tasmania, na dhamiri yake imetulia vilevile.

Ndipo ninapopima kila lebo kwa swali moja ambalo sijaliona limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti yoyote ya huku: aliyezalisha kitu hiki alilipwa lini?

Sasa waridi. Februari, kwa ajili ya wapendanao, na Machi, ambapo kwa kawaida Waingereza huadhimisha Siku ya Akina Mama, maduka makubwa ya Manchester hujaa mawaridi ya Naivasha, mengi yakiwa na nembo ya Fairtrade. Mashaka ya wenzangu ni ya ndege. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield, kwa kazi iliyoagizwa na kampuni ya kuingiza maua, kililinganisha waridi 12,000 za Kenya na idadi hiyohiyo ya Uholanzi. Za Kenya, pamoja na safari ya ndege, zilizalisha takriban tani 2.2 za hewa ya ukaa. Za Uholanzi tani 35, kwa sababu ya kupasha joto na kumulika taa nyumba za kioo wakati wa baridi. Utafiti ulioagizwa na mfanyabiashara wa maua ni wa kusomwa kwa jicho moja wazi, lakini hoja yake ya msingi haijanishinda kuielewa: jua la Naivasha halina bili.

Mazingira, kwa hiyo, hayanipi tabu sana kwa upande wa ndege. Yananipa tabu kwa upande wa ziwa. Ziwa Naivasha lilipungua vibaya katika ukame wa 2009, kisha tangu 2020 limekuwa likifurika na kuingia majumbani mwa watu wa mtaa wa Kihoto. Mashamba ya maua hayakuleta mvua iliyofurisha ziwa, lakini ndiyo yaliyowaleta watu kwenye mitaa kama Kihoto na Karagita kutafuta kazi, wakapanga vyumba vya mabati kwenye ardhi iliyokuwa wazi kwa kuwa ndiyo waliyoweza kuilipia.

Nembo ya Fairtrade kwenye maua huja na nyongeza ya asilimia 10 ya bei ya kuuzia nje, ambayo kamati ya wafanyakazi huamua matumizi yake, aghalabu karo na miradi ya jamii. Ni jambo jema. Lakini nyongeza si mshahara. Msichana anayefunga maua kwa ajili ya wapendanao wa Manchester anaweza kuwa na mdogo wake anayesomeshwa na kamati, na yeye mwenyewe akawa anakopa unga dukani tarehe 20. Nembo inazisema habari za kwanza. Za pili inaziacha. Hata hivyo mwisho wa mwezi mshahara huingia, mdogo lakini kwa tarehe inayojulikana, na hiyo ndiyo sababu vijana wa Molo waliiacha pareto ya baba zao wakateremka Naivasha. Kwa hiyo wenzangu wakiniuliza, ninawaambia wanunue. Nami huyanunua.

Nyumbani hesabu ni nyingine kabisa, kwa kuwa huko hakuna anayekuwekea nembo. Ipo ile ya Kilimohai, iliyozaliwa na kiwango cha Afrika Mashariki cha kilimo hai cha mwaka 2007, ila uliza mtu wa soko la Wakulima Nakuru akuonyeshe sukumawiki yenye nembo hiyo uone atakavyokutazama. Cheti kwa sehemu kubwa hufuata bidhaa inayosafiri. Chakula kinacholiwa na watu wa Bonde la Ufa wenyewe hakikaguliwi na mjumbe wa nembo kutoka Bonn wala London.

Inashangaza, kwa sababu Nakuru ndiko biashara ya rafu ilikojengewa msingi nchini Kenya. Nakumatt, mnyororo wa maduka makubwa, ilipata jina lake kutokana na magodoro ya Nakuru. Tuskys na Naivas zote mbili zina asili Rongai, kwa ndugu wa ukoo mmoja. Mbili kati ya hizo tatu zilianguka zikiwa na deni la mabilioni kwa waliozipelekea bidhaa, na miongoni mwao walikuwamo wazalishaji wadogo wa maziwa, mkate na mboga. Mteja aliyekuwa akijisifu kwamba ananunua vya Kenya kwenye rafu hizo alikuwa analipa taslimu kaunta. Fedha ziliishia njiani. Kabla ya hapo ilikuwa KCC, chama cha maziwa kilichoanza Naivasha mwaka 1925, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1990 kiliporomoka na deni la wafugaji, hadi serikali ilipokifufua kama New KCC mwaka 2003. Pareto, maziwa, rafu za maduka: bidhaa tofauti, ugonjwa mmoja.

Viazi vina ugonjwa wao, nao unaitwa lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linavikwa kilemba cha wavu na kuendelea kujazwa, na broka analipa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Ukipita barabara ya Njoro kwenda Mau Narok msimu wa mavuno utajionea mwenyewe jinsi kanuni hizo zinavyoheshimiwa. Chipsi za Nakuru ni chakula cha hapahapa, hazikupanda ndege wala hazikutoka ng'ambo. Kwa vigezo vya gazeti la Jumapili la Manchester ni mfano wa kuigwa. Na ziko juu ya mgongo wa mkulima aliyeuza kilo 90 kwa bei ya 50.

Nilikuwa kwenye barabara hiyo ya Njoro na wifi yangu msimu uliopita, tukasimama kwa mama mmoja aliyepanga viazi kwenye ndoo kando ya barabara. Wifi akaanza kuomba apunguziwe, kama kawaida.

"Wifi, mlipe anachosema," nikamwambia.

"Wewe una pauni," akanijibu bila kuinua macho. "Sisi tutarudi hapa wiki ijayo, na bei uliyoiharibu itatusubiri."

Sikuwa na jibu na bado sina. Anayeishi kwa mshahara wa Nakuru ana haki ya kupatana bei, na wema wa mgeni wa Disemba unaweza kumpandishia jirani gharama hadi Januari. Huo ndio ugumu wa kuwa na nyumbani kuwili. Manchester mimi ni mteja mmoja kati ya mamilioni, bei imekwisha chapishwa, na ukarimu wangu hauwahusu majirani. Njoro nikitoa noti bila kuongea, kijiji kizima kimeshapata habari kabla sijawasha gari.

Kuna mambo ambayo nyumbani wametangulia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, huku Manchester bado wanakuuzia mmoja kuanzia peni 10. Kampuni ya maji ya Nakuru, kupitia tawi lake la Nawasscoal, huchukua kinyesi kinachotolewa kwenye vyoo vya mji, hukikausha na kukichoma, hukichanganya na vumbi la mbao na kutengeneza makaa ya kupikia. Hayanuki, na kila gunia linaloingia jikoni ni miti iliyosalimika katika msitu wa Mau. Huku Uingereza kitu kama hicho kingekuwa na filamu ya dakika kumi, kisanduku cha zawadi na bei ya kukutoa machozi. Pale Nakuru ni makaa tu, na yanashindana na makaa ya miti kwa bei.

Pareto nayo inajaribu kurudi. Sheria ya 2013 iliondoa ukiritimba, kampuni binafsi zikapewa leseni, na kaunti ya Nakuru imegawa miche kwa wakulima. Wazee wa Molo wanaipokea miche hiyo kwa adabu na kupanda kipande kidogo, robo ekari labda, huku viazi vikibaki pale pale. Wanangoja waone fedha ya mavuno ya kwanza itaingia lini kwenye simu. Wako sahihi. Kampuni itakayolipa ndani ya wiki mbili itapata pareto yote inayoitaka bila kuchapisha jani hata moja la kijani.

Mtakaorudi Bonde la Ufa Disemba hii, mna nguvu ya ununuzi zaidi kuliko mnavyodhani: mnanunua mbao, mawe, samani, mbuzi wa sherehe, viazi vya wageni mia. Wengi wenu mnamtuma ndugu, na fundi anazungushwa hadi Machi nanyi mmesharudi Leeds au Dallas. Nunueni viazi kwa kilo, kwenye mizani, bila kilemba. Muulizeni fundi wa kiti anadai nani na tangu lini. Na deni lolote lenye jina lako pale kijijini, lilipwe kabla hujafunga sanduku la safari.