Sambaza na Nanasi za Idjwi

Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu. Utotoni nilikwenda huko likizoni kwa nyanya yangu, Mungu amrehemu. Safari hii nililipia chumba kama mtalii, kwani nyumba yake ina wenyewe wengine. Jioni niliandaliwa bugali wa muhogo, sombe, na sambaza waliokaangwa wakavu hata wakalia menoni. Samaki hawa si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao huvuliwa usiku kwa taa. Lakini nanasi za Idjwi zawashinda! Mama mwuza matunda alinisalimu kwa Kihavu, nikamjibu. Akashangaa: «U mwana wa nani?» Nilipomtaja nyanya, alilirudisha nanasi nililochagua, akanipa jingine lililoiva zaidi.